Maoni ya Mitandaoni Wakati wa Midahalo ya Wagombea Urais Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudi kila mara televisheni za Kenya zinapotangaza mdahalo wa wagombea, huku maelfu ya watazamaji wakiandika maoni yao papo hapo. Majibu yanategemea yaliyotokea mwaka 2013, 2017 na 2022, na yameandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kujiandaa kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, namba ya swali imetajwa.

## Misingi

1. Midahalo hii ilianza lini, na mitandao iliingia lini?

Mdahalo wa kwanza wa wagombea urais kurushwa moja kwa moja na televisheni nchini Kenya ulifanyika tarehe 11 Februari 2013 katika shule ya Brookhouse, Nairobi, na wa pili ukafuata tarehe 25 mwezi huohuo. Wagombea wote wanane walisimama jukwaani: Uhuru Kenyatta, Raila Odinga, Musalia Mudavadi, Peter Kenneth, Martha Karua, James ole Kiyiapi, Paul Muite na Mohammed Abduba Dida. Wawili hao wa mwisho hawakuwa kwenye orodha ya awali, na waliingizwa baada ya Muite kwenda mahakamani.

Tanzania ilitangulia kwa namna yake. Mwaka 1995 Benjamin Mkapa, Augustine Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo walikabiliana hadharani katika Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba wakati huo mtazamaji alijadili na waliokuwa naye sebuleni. Kufikia 2013 Wakenya walikwisha kujijengea jina la KOT, yaani Wakenya wa Twitter, na mdahalo ukapata ukumbi wa pili usio na mlango.

2. Nani huandaa, na nani huamua mgombea apande jukwaani lini?

Waandaaji ni vyombo vya habari vyenyewe, kwa kushirikiana na taasisi za tasnia. Mwaka 2022 sekretarieti ya midahalo iliundwa na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya pamoja na jumuiya za wahariri na za wamiliki wa vyombo vya habari. Wagombea waligawanywa katika makundi mawili kwa kutumia kura za maoni, kiwango cha kuyatenganisha kikiwa asilimia 5, na walio chini yake wakapangiwa saa ya mapema. Utaratibu huo ulilalamikiwa sana mitandaoni, na malalamiko hayo yana uzito, kwa sababu mgombea asiyejulikana hawezi kujulikana akipangiwa saa ambayo wengi bado wako barabarani wakirudi nyumbani.

3. Alama ya reli (#, yaani hashtag) ina kazi gani hasa?

Hukusanya maandishi ya watu wasiofahamiana mahali pamoja, ili anayetafuta mjadala aupate bila kufuata akaunti moja moja. Alama ya waandaaji hutangazwa kwenye skrini, lakini kila kambi huanzisha yake ya kumsifu mgombea wake au kumshambulia mpinzani. Ukitaka kusoma mjadala wenyewe, anza na alama ya waandaaji. Ukitaka kujua kambi zinasukuma ujumbe gani, soma zile nyingine, lakini usizichukue kuwa sauti ya umma. Sababu imeelezwa katika swali la 7.

4. Mbona watu mtandaoni wanacheka jibu ambalo mimi bado sijalisikia?

Kwa sababu matangazo hayamfikii kila mtu kwa wakati mmoja. Redio na king'amuzi huchelewa kwa sekunde chache, ilhali anayetazama mubashara kupitia intaneti anaweza kuwa nyuma zaidi, hasa mtandao ukiwa dhaifu au bando likikaribia kwisha. Anayesoma maoni kabla ya kusikia jibu huja kulisikiliza akiwa tayari ameambiwa alione vipi. Kama unatazama kwa intaneti, ushauri wetu ni kuweka simu kando mpaka mgombea amalize, au kusikiliza redio.

## Kuyasoma maoni

5. Anayevuma mtandaoni ndiye aliyeshinda?

La. Ushahidi ulio wazi kabisa ni wa 2013. Peter Kenneth alizungumza kwa utulivu na mpangilio, akasifiwa usiku kucha na vijana wa mijini. Dida, aliyewahi kuwa mwalimu, alizungumza kama anayefundisha darasani, na kwa saa kadhaa hakuna jina lililotajwa kwa furaha kama lake. Kura zilipohesabiwa mwezi Machi, Kenneth alipata takriban asilimia 0.6 na Dida asilimia 0.43, wakati Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07.

Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kwamba umaarufu ule haukuwa na matokeo yoyote. Dida, ambaye wengi hawakuwa wamemsikia kabla ya tarehe 11 Februari, alimpita Martha Karua, aliyekuwa amehudumu bungeni na katika baraza la mawaziri kwa miaka mingi na ambaye alipata asilimia 0.36. Ukiweka takwimu hizi pamoja, unaona mipaka ya nguvu ya mitandao. Inaweza kumtoa mtu gizani na kumfanya ajulikane nchi nzima kwa usiku mmoja, lakini haiwezi kumjengea chama, mawakala wa vituoni, wala ngome ya eneo lake. Kura za Kenya kwa sehemu kubwa zimetafutwa kwa muda mrefu kabla taa za studio hazijawashwa.

Mwaka 2022 hali ilijirudia. Justina Wamae, mgombea mwenza wa George Wajackoyah, alivutia wengi katika mdahalo wa tarehe 19 Julai kwa kujibu bila kuyumba maswali ambayo wengi walidhani yangemwaibisha. Tiketi yao ilipata asilimia 0.44.

6. Kura za maoni zinazopigwa kwenye X (zamani Twitter) au Facebook baada ya mdahalo zina thamani gani?

Zinaonyesha waliofikiwa na swali walichagua nini, basi. Hakuna sampuli, na mtu mwenye akaunti nyingi anaweza kujibu mara nyingi. Sheria ya Kenya ya 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi inawataka wanaochapisha matokeo kueleza mambo kama vile nani aliyegharimia na watu wangapi waliulizwa. Kabla ya kusambaza mchoro wowote wenye asilimia, tafuta maelezo hayo. Yasipokuwapo, usiusambaze.

7. Nitajuaje kama mada inavuma kwa malipo?

Biashara hii ipo, na imechunguzwa. Mwaka 2021 Odanga Madung na Brian Obilo, katika uchunguzi uliochapishwa na Mozilla Foundation, walieleza jinsi vijana wenye akaunti zenye wafuasi walivyokusanywa katika makundi ya WhatsApp, wakapewa ujumbe wa kuchapisha na saa ya kuuchapisha, na jinsi mmoja wao alivyolipwa takriban dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku. Walengwa walikuwa pamoja na majaji na wanaharakati waliopinga mageuzi ya katiba ya BBI (Building Bridges Initiative). Inahuzunisha kwamba bei ya kumchafulia mtu jina ilikuwa ndogo kiasi hicho.

Dalili za kuangalia wakati wa mdahalo ni chache, ila zinasaidia. Maneno yaleyale, pengine hata yenye kosa lilelile la tahajia, hutokea katika akaunti nyingi ndani ya dakika moja. Picha zilizosanifiwa vizuri huonekana kabla mgombea hajamaliza sentensi inayosemekana kuwa ndiyo iliyozizaa. Akaunti zinazosukuma alama ya reli jana zilitangaza sabuni au mchezo wa kamari. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu hata wafuasi wa kweli hunakiliana. Zikikusanyika tatu, acha kuipa mada hiyo nguvu, hata kwa kuipinga, kwa maana kila jibu la hasira huhesabiwa kuwa uvumaji.

8. Kwa nini sentensi moja humeza mdahalo mzima?

Mfano unaokumbukwa kuliko yote ni wa tarehe 11 Februari 2013. Uhuru Kenyatta na mgombea mwenza wake, William Ruto, walikuwa wanakabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na msimamizi akauliza mtu angeongozaje nchi akiwa kizimbani. Raila Odinga akasema kuwa ingekuwa changamoto kubwa kuendesha serikali kutoka The Hague kwa njia ya Skype. Ukumbi ulicheka, Twitter ikafurika, na neno hilo moja likatosha kueleza usiku mzima kwa watu ambao hawakutazama.

Kilichopotea ni jibu. Kenyatta alidai kwamba kesi ilikuwa changamoto yake binafsi, na kwamba angeweza kuitenganisha na majukumu ya ofisi. Hilo lilikuwa dai linaloweza kupimwa: katiba inasema nini rais akiwa nje kwa ajili ya kesi, nani hukaimu, na kwa muda gani? Maswali hayo hayakuwa ya nadharia. Mwezi Oktoba 2014 Kenyatta, akiwa tayari rais, alimkabidhi Ruto mamlaka kwa muda akaenda The Hague kuhudhuria kikao. Mashtaka dhidi yake yaliondolewa Desemba mwaka huo, na kesi ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016. Wapiga kura wa 2013 walistahili kujadili jambo hilo kwa kina walipokuwa na wahusika wote mbele yao, lakini usiku ule ulitumika kutengeneza picha za utani za kompyuta na vipaza sauti vya masikioni.

Sentensi fupi hushinda kwa sababu huingia katika picha moja, hutafsirika haraka, na anayeisambaza hahitaji kueleza chochote. Hakuna haja ya kuipiga marufuku. Anayetaka kuwatendea haki wasomaji wake aiweke sentensi hiyo pamoja na swali lililoulizwa na jibu la aliyelengwa. Vitu vitatu hivyo vinaenea katika maandishi mafupi.

## Kuandika maoni yako

9. Niandike wakati mdahalo unaendelea au nisubiri?

Andika, lakini baada ya jibu kumalizika. Wagombea wengi huanza kwa kukiri hoja ya mpinzani kabla ya kuipinga, na anayekata sentensi katikati hujikuta amemnukuu mtu akisema kinyume cha msimamo wake. Kama huna hakika ulisikia vizuri, rekodi rasmi hubaki kwenye chaneli za YouTube za vituo, na unaweza kurudi nyuma dakika moja. Maoni yanayokuja dakika tano baadaye yakiwa sahihi yana manufaa zaidi kwa msomaji kuliko ya kwanza yenye kosa.

10. Midahalo mingi huendeshwa kwa Kiingereza. Nikiandika kwa Kiswahili, ninukuu vipi?

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini midahalo ya urais imetawaliwa na Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mwananchi wa Lamu au Taveta anayefuatilia kwa Kiswahili mara nyingi hupokea mdahalo kupitia muhtasari wa mtu mwingine kwenye Facebook au WhatsApp. Anayeandika muhtasari huo, hata kama hajioni hivyo, ndiye mkalimani wa mamilioni, na hakuna anayemsimamia.

Kwa hiyo fuata kanuni chache. Alama za kunukuu ziwekwe pale tu mgombea aliposema Kiswahili; ukitafsiri, sema «kwa maana ya kwamba» au «alieleza kuwa», ili msomaji ajue maneno ni yako. Namba, majina ya sheria na masharti, kama «iwapo», «kuanzia» na «hadi», yasiachwe hata nafasi ikiwa finyu, kwa sababu ahadi ya «hadi shilingi 6,000» si ahadi ya shilingi 6,000. Na usilainishe wala kukoleza: mgombea aliyekwepa swali aandikwe kuwa alikwepa, bila kuongezewa jibu ambalo hakulitoa.

Maoni yetu ni kwamba angalau mdahalo mmoja wa 2027 uendeshwe wote kwa Kiswahili. Mpaka hapo, kazi ya kutafsiri itaendelea kuwa mikononi mwa watu wa kawaida, na inastahili kufanywa kwa uangalifu.

11. Nihakiki vipi takwimu wakati mgombea bado anaongea?

Andaa vyanzo mapema. Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya hutoa takwimu za bei kila mwezi na taarifa ya uchumi kila mwaka. Benki Kuu huchapisha kiwango cha deni. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi. Na kumbukumbu za bunge huonyesha nani alisema nini. Mashirika kama Africa Check na PesaCheck nayo huhakiki kauli za wanasiasa.

Chukua mfumuko wa bei. Mdahalo wa urais wa 2022 ulifanyika tarehe 26 Julai, hivyo takwimu mpya zaidi iliyokuwapo ilikuwa ya Juni, asilimia 7.9, ile ya Julai, asilimia 8.3, ilitoka baadaye. Aliyetaja 7.9 usiku ule hakukosea. Wakati huohuo, mtazamaji aliyenunua pakiti ya unga ya kilo mbili kwa zaidi ya shilingi 200 aliona namba hiyo kuwa ndogo mno, na yeye pia hakukosea, kwa sababu mfumuko ni wastani wa bidhaa na huduma nyingi, nao unga ulikuwa umepanda kwa kasi kubwa zaidi. Mhakiki mzuri hueleza tofauti hiyo badala ya kugonga muhuri wa «uongo».

12. Je, utani na dhihaka ni makosa?

Hapana, vinywa vya Wakenya havitafungwa, na utani umewasaidia wengi kufuatilia mijadala ya kodi ambayo wasingeigusa. Mpaka uko kati ya kauli na mwili. Martha Karua alikuwa mwanamke pekee kati ya wagombea wanane wa 2013, na 2022 alikabiliana na Rigathi Gachagua katika mdahalo wa wagombea wenza. Katika hali kama hizo, maoni kuhusu nywele, ndoa na umri wa mwanamke hujitokeza kwa wingi ambao mwanamume aliyesimama naye hauoni. Kabla ya kuchapisha, jiulize kama ungeandika hivyo hivyo juu ya yule wa upande wa pili.

## Sheria

13. Kitu gani kinaweza kunifikisha mahakamani Kenya?

Uchochezi wa kikabila kwanza. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinaweka faini ya hadi shilingi milioni 1, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Neno kama «madoadoa», likitumiwa kwa watu wa makabila yanayoonwa kuwa ya kuja, linaweza kuonekana dogo kwa mgeni, lakini katika Bonde la Ufa limebeba kumbukumbu ya watu kufukuzwa makwao. Pili, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 ilileta makosa ya kuchapisha taarifa za uongo kwa makusudi. Vifungu hivyo vimekuwa vikipingwa mahakamani tangu mwanzo, kwa hiyo angalia hali yao ilivyo unapoandika.

Kwa upande mwingine, uhuru wa kumkosoa kiongozi umepanuka. Aprili 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichokuwa kikitumiwa dhidi ya wanablogu, na Februari 2017 ikabatilisha kosa la jinai la kashfa. Aliyekashifiwa bado anaweza kukudai fidia katika kesi ya madai.

14. Niko Tanzania au Uganda nikitoa maoni juu ya mdahalo wa Kenya. Sheria ipi inanihusu?

Ya mahali ulipo, kwanza kabisa. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu chake cha 16 kinahusu taarifa za uongo. Kuwa mada ni ya nchi jirani si kinga.

15. Serikali inaweza kufunga mitandao usiku wa mdahalo?

Katika ukanda wetu imewahi kufungwa nyakati za uchaguzi. Uganda ilizuia mitandao ya kijamii siku ya kupiga kura, tarehe 18 Februari 2016, na ikaifunga Facebook Januari 2021. Tanzania ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025. Nchini Kenya, Julai 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano iliipa Facebook siku 7 kudhibiti matangazo ya chuki, ikitishia kuisimamisha, lakini mawaziri walijitokeza kusema kwamba haitafungwa, na haikufungwa.

## Hali zisizo za kawaida

16. Mgombea asipofika, tuchangie nini?

Hili limetokea mara mbili mfululizo. Tarehe 24 Julai 2017 Uhuru Kenyatta hakufika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, na Raila Odinga akajibu maswali peke yake. Tarehe 26 Julai 2022, mahali hapohapo, William Ruto ndiye aliyesimama peke yake, huku Odinga akikutana na wananchi katika ukumbi wa Jericho, jijini. Wajackoyah alifika, akaondoka kwa kupinga mgawanyo ulioelezwa katika swali la 2.

Mitandao hugeuza nafasi tupu kuwa kichekesho, na aliyefika hupita bila kuulizwa kwa sababu hakuna wa kumkana. Hapo ndipo maoni ya watazamaji yanahitajika zaidi: chapisha swali ambalo mpinzani angeuliza, weka karibu yake kauli za awali za aliyepo, na weka pia maswali ambayo aliyekosekana bado anadaiwa. Wasimamizi na waandishi wao husoma.

17. Nikiona video ya mgombea akitamka jambo ambalo sikulisikia?

Rudi kwenye rekodi kamili ya kituo. Akili unde inaweza kuiga sauti na midomo, lakini haiwezi kuingia katika rekodi ambazo vituo mbalimbali vilirusha kwa pamoja. Kauli ikikosekana katika rekodi mbili tofauti, ichukulie kuwa ya kubuni na umjulishe aliyekutumia, hasa kama ilifika kwa WhatsApp, ambako hakuna anayeweza kuijibu hadharani.

18. Nimegundua nimesambaza uongo. Nifute?

Andika sahihisho kwanza, ukiambatanisha picha ya skrini ya chapisho lenye kosa iliyochorwa mstari wa kuikata, kisha ufute la awali. Ukifuta kimyakimya, waliokwisha kulinakili wataendelea nalo na hakuna atakayejua kwamba umebadili kauli. Kwenye makundi ya WhatsApp, tuma sahihisho katika kila kundi ulikotuma uongo, hata kama mazungumzo yameshahama.

19. Kipande cha mdahalo wa zamani kikirudi mwaka 2027, nikitumie?

Kinafaa sana kwa kulinganisha ahadi na matendo, mradi kiwe na tarehe, jina la kituo, na swali lililoulizwa. Tahadhari ni kwamba miungano ya Kenya hubadilika: aliyemshambulia mwenzake jukwaani 2022 anaweza kuwa mshirika wake leo, na kipande kisicho na tarehe humfanya msomaji adhani ugomvi ni wa wiki hii. Andika mwaka ndani ya picha yenyewe, si katika maelezo ya chini, kwa sababu maelezo hukatwa picha inapohamishwa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine.